Mazoezi ya Ng'ambo

Fundi wa meno alipoitwa kazini ng'ambo, mumewe ndiye aliyeanza kuhisi baridi. Jioni ileile alilitoa sandukuni koti zito ambalo hakuna aliyekumbuka lilifikaje humo, akalivaa, akafunga vifungo hadi kidevuni, kisha akaketi sebuleni jasho likimchuruzika. Mkewe alipomuuliza kulikoni, akajibu kwamba mwili hauzoeshwi siku ya safari.

Mke huyo alikuwa fundi wa meno ya bandia, na si fundi wa kubabaisha. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa karakana yake: meza, taa ya shingo ndefu, mashine ndogo ya kusagia, na rafu zilizojaa vinywa vya plasta vya nusu ya mtaa. Ukivaa meno yake, hata mtu unayelala naye chumba kimoja hajui kama yako yalishakuaga. Daktari mmoja aliyehamia ng'ambo alikuwa ameondoka na picha za kazi zake, na mkuu wa maabara ya huko alipoziona alipiga simu mwenyewe, akitaka kujua rangi ile ya ufizi inapatikanaje. Wakaongea, wakaelewana. Ikaja nafasi ya kazi, nyumba juu yake, shule ya watoto juu yake, na ombi kwamba jibu lipatikane kabla wiki haijaisha.

Aliitaka kazi ile, tuseme kweli. Maishani mwake watu walikuwa wamemuuliza bei, wamemuuliza lini, wamemuuliza kama meno yanaweza kung'aa zaidi ya ya jirani. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari ya rangi ya ufizi. Baada ya simu ile alikaa na furaha yake kimyakimya mbele ya vinywa vya plasta, akitabasamu navyo.

Kasoro ilikuwa moja. Nafasi ilikuwa ya fundi, mume na watoto. Mama yake mzazi, aliyeishi peke yake nyumba ya nyuma yao, mlango ukitazamana na mlango wa jikoni, hakuwemo. Fundi alijaribu kumuulizia, akajibiwa kwa adabu zote kwamba mama angekaribishwa kuja kutembea.

Sasa, mtu mwingine angekaa akafikiri. Mumewe hakuwa mtu wa kufikiri peke yake. Alikuwa ofisa mipango wa manispaa, na mtaa mzima ulimwita Mwenyekiti kwa sababu hakujawahi kuundwa kamati, iwe ya harusi, ya msiba au ya mtaro ulioziba, asiketi yeye kwenye kiti cha mbele. Hata ndani ya nyumba aliitwa hivyo. Basi Mwenyekiti akaitisha kikao cha familia, akagonga meza kwa kijiko.

"Hatuwezi kuamua jambo ambalo hatujalionja," alisema. "Kuanzia kesho, nyumba hii ni ng'ambo. Tutaishi kama wao. Tukiweza, tunakwenda. Tukishindwa, tunabaki na heshima zetu."

"Wewe ng'ambo unaijulia wapi?" mkewe akauliza.

"Nina mshauri."

Mshauri mwenyewe alikuwa mwenzake wa ofisini, bwana mmoja aliyewahi kupelekwa semina ya wiki mbili huko, akashikwa na mafua tangu uwanja wa ndege, akaimalizia semina yote kitandani hotelini. Alirudi na kikohozi na maoni juu ya kila kitu. Kutoka kwake Mwenyekiti alijifunza kwamba ng'ambo hakuna kusalimiana ovyo, chakula cha mchana huliwa kwa kusimama, kila mtu ana shughuli zake, na hakuna anayeingia nyumbani kwa mtu bila miadi. Hilo la miadi lilimkolea sana. Akamweka mtoto wao mdogo, aliyeitwa Kasuku kwa kurudia kila alichosikia, kuwa mlinzi wa mlango.

Mazoezi yakaanza. Asubuhi Mwenyekiti alitoka na koti lake, akapita mbele ya fundi cherehani wa jirani bila kumtupia hata "habari". Fundi cherehani akapigwa na butwaa. Miaka yote ya ujirani mtu huyu alisimama hapo kila asubuhi kumweleza ajenda za vikao, leo anapita na koti jeusi macho yakiwa chini! Ikapita saa moja, mtaa mzima ukawa umeambiana kwamba Mwenyekiti amefiwa. Majirani wakafika kutoa pole, wengine na viti vyao kabisa. Kasuku akawakabili mlangoni.

"Mna miadi?"

Hawakuwa nayo, wakafungiwa nje. Wakatazamana, wakatikisa vichwa, wakaketi kwenye viti vyao kando ya barabara, maana msiba wa kufikia kuwafungia watu mlango ulikuwa msiba mkubwa kweli.

Ndani nako hakukuwa shwari. Mkate mkavu wa kusimama ulimpalia Mwenyekiti akaokolewa kwa makofi ya mgongoni. Kwa kuwa koti bila baridi ni mateso tu, alilifungua jokofu, akaweka kiti mbele yake, akawa anasomea magazeti hapo. Maziwa yakachacha. Aliyefaulu mazoezi bila jasho alikuwa binti yao mkubwa, kigoli wa miaka kumi na minne, ambaye tangu zamani aliishi chumbani kwake na vidude masikioni, hasalimii mtu, anakula kwa wakati wake. Baba yake alimsifu mbele ya kikao. Binti hakusikia.

Fundi alicheka kwa siri, akaendelea na meno ya watu. Mazoezi yale aliyaona mchezo wa kumfurahisha mumewe tu. Hakujua kwamba mchezo huo ulikuwa umeshamgusa mama yake.

Inabidi nieleze habari ya mama na meno yake. Aliyemtengenezea alikuwa bintiye mwenyewe, na katika kazi zake zote hakuna iliyopata kutoka vizuri kama ile. Hata hivyo kila siku, chai ikishapoa, mama alivuka kiwanja akaingia kwa mlango wa jikoni, hodi akiipiga akiwa tayari ndani, akaketi kwenye kiti cha wateja na kulalamika.

"Yanabana."

"Wapi, mama?"

"Hapa, kwa nyuma. Jana yalibana kushoto, leo yamehamia kulia."

Fundi alimpa karatasi ya buluu ang'ate, ile inayoacha alama penye jino lililozidi. Alama zilikuwa sawa, kila siku zilikuwa sawa. Alitikisa kichwa kama daktari aliyeona makubwa, akayapokea meno, akawasha mashine, akayasogeza karibu nayo, akaiacha ivume weee bila kugusa kitu, akazima. Mama akayavaa, akapiga ulimi.

"Hapo sasa! Hapo umepapata."

Kisha wakaongea. Waliongea bei za sokoni, nani kaoa, nani kaachwa, na ndoto za mama ambazo hazikuwa na mwisho. Yote hayo kwa ajili ya meno.

Basi siku ileile ya kwanza ya mazoezi mama alivuka kiwanja kama kawaida yake, akapiga hodi, akakuta mlango umefungwa kwa komeo. Fundi alikuwa karakanani, mashine inavuma, hakusikia lolote. Habari aliipata jioni, mezani, kwa mdomo wa Kasuku aliyejaa majivuno.

"Nimemrudisha na bibi! Nikamwambia, una miadi? Akasema hana. Nikamwambia, basi rudi ukachukue."

"Safi sana!" Mwenyekiti akampigia makofi. "Sheria ni msumeno."

"Bibi akasemaje?" Fundi akauliza, na kijiko kikamsimamia mkononi.

"Akasema haya, mjukuu wangu. Akaenda."

Fundi akakiweka kijiko chini. Alitaka kuinuka pale pale, akajituliza: mama atakuja kesho, tutacheka. Kesho yake mama hakuja. Na keshokutwa kiti cha wateja kikakaliwa na wateja. Simu kutoka ng'ambo ikaita kukumbusha kwamba wanangoja jibu, na Fundi akaahidi kuwapigia mwenyewe. Akavua aproni, akavuka kiwanja.

Mlango wa mama yake, ambao mchana haukuwa ukifungwa, ulikuwa umefungwa.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi, mama."

"Mimi nani?"

Mlango ulipofunguliwa Fundi alishtuka. Mashavu ya mama yalikuwa yameingia ndani na midomo imekunjamana. Meno, kazi yake bora kuliko zote, yalikuwa dirishani ndani ya glasi ya maji. Juu ya jiko palikuwa na kisufuria kidogo cha uji wa mtu mmoja, na mezani palikuwa na kiti kimoja. Kingine kilikuwa kimegeuzwa na kupandishwa juu ya kabati.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi gani?"

"Ya kukaa peke yangu." Bila meno maneno yake yalitoka na upepo mwingi. "Nyie mnafanya yenu, nikaona nami nisibaki nyuma. Si mkwe wangu anasema mwili hauzoeshwi siku ya safari? Kasema kweli. Siku ya kwanza ilinishinda, nikaongea na redio. Ikaniudhi, nikaizima. Sasa naendelea vizuri."

"Na meno?"

"Ya nini? Uji hautafunwi. Na kucheka nicheke na nani?"

Machozi yakamlengalenga Fundi. Akauliza kwa neno alilozoea kulisikia kwa mama kila siku.

"Yanabana?"

Mama akaitazama glasi, akamtazama bintiye.

"Hayabani, mwanangu. Hayajapata kubana hata siku moja. Nilikuwa nakuja tu."

"Najua."

"Unajua?"

"Na mimi sijayasaga hata mara moja. Mashine ilikuwa inazunguka hewani."

Mama akabaki mdomo wazi. "Mwongo mkubwa we! Na mimi ninavyokusifu mtaani kwa mkono wako mwepesi!"

Wakacheka, mama na kinywa chake kitupu, binti akijishika mbavu, na kicheko kikawageukia kilio bila kuaga. Mama ndiye aliyejifuta kwanza, kwa ncha ya kanga.

"Nenda, mama yangu. Kazi umeitafuta kwa mikono yako, nisiwe kisiki. Nitazoea."

Alilisema hilo kwa moyo mmoja, na hapo ndipo lilipomchoma bintiye. Mama yake alikuwa anaweza kweli. Angezoea redio, angezoea kisufuria, na kinywa kile kingefungwa kikawa cha kunywea uji tu. Fundi alikishusha kiti juu ya kabati, akakirudisha mezani. Kisha akaichukua glasi ya dirishani.

"Haya meno yanabana," alisema.

"Nimeshakwambia hayabani!"

"Fundi ni nani hapa, mimi au wewe? Yanabana vibaya sana. Nakwenda nayo. Kesho uyafuate, na keshokutwa uje niyaangalie tena, na siku zote, mpaka yakae sawa."

"Na hao watu wa ng'ambo?"

"Nitawaambia nina mteja msumbufu."

Aliwapigia alasiri ileile. Akamshukuru yule mkuu wa maabara, akamwelekeza rangi ya ufizi inavyochanganywa, akakata simu, akalia kidogo, maana kitu alichokipenda alikuwa amekiacha. Alipotoka akamkuta Mwenyekiti mbele ya jokofu, koti limefungwa.

"Hatuendi," akamwambia.

"Lazima ipigwe kura."

"Imeshapigwa. Lifunge hilo jokofu."

Mwenyekiti akafungua mdomo kutoa hoja ya utaratibu, akamwona mkewe usoni, akaufunga. Kisha akaanza kulivua koti, na vifungo vilimtoka upesi kuliko vilivyoingia. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama sasa anaruhusiwa kwenda kumsalimia fundi cherehani.

Katika shughuli zote hizo hakuna aliyekumbuka kumwambia Kasuku kwamba mazoezi yamekwisha. Asubuhi, chai ilipopoa, mlango wa jikoni ukasukumwa, ukagoma.

"Una miadi?" Kasuku akauliza.

"Sina miadi," bibi akajibu kwa upepo wake wote, "na meno sina. Nipishe!"