Kabati la Ignas

Ignas, mkutubi wa maktaba ya Utemini, alikuwa na shikamoo tamu, na Bi Ziada alishazichoka. Kila Jumatatu aliitikia marahaba, akauliza lile lile: vitabu vya kusikiliza vimeanza kuazimwa?

Kuwepo vilikuwepo. Wafadhili walileta tableti kumi zilizojaa vitabu vinavyosomwa kwa sauti, kwa ajili ya watu kama yeye. Miaka thelathini alifundisha watoto kusoma, huyo Ignas akiwa mmojawao, halafu presha ya macho ikamzimia dunia. Sasa aliwategemea wajukuu wamsomee, nao waliruka kurasa wakidhani bibi hajui. Alijua sana. Iliuma, na hakuwa na kingine cha kumpitishia siku.

Lakini tableti zilikaa kabatini, na nailoni zake, kufuli juu. Ignas alieleza kwa adabu kwamba hazijazinduliwa, anasubiriwa mgeni rasmi. Wa kwanza akahamishwa. Wa pili akaitwa semina Dodoma. Wa tatu akasema mvua zipite kwanza. Jamani, kitabu! Utadhani bibi harusi, hatoki ndani mpaka wakubwa wafike.

Mwezi wa kumi na tatu tangu tableti zifike, mkubwa akafika. Kukawa na turubai, kwaya, maji ya chupa, na utepe mwekundu. Bi Ziada akaketishwa mbele na khanga mpya, kwa kuwa ndiye angetoa shukrani za wasomaji. Akausikia mkasi ukikata, akaisikia nailoni ikichanwa kwa mbwembwe. Ignas akaiwasha tableti, sauti ya kitabu haikutoka.

“Inasemaje, mwanangu?” akauliza. “Soma. Nilikufundisha.”

Ignas akasoma kwa sauti ndogo. “Muda wa matumizi umekwisha. Vitabu hivi viliazimwa kwa mwaka mmoja.”

Wakajaribu zote kumi, jibu moja. Wafadhili waliahidi kuongeza muda wakiona vinatumika, na walichoona ni kwamba hakuna aliyewahi kuazima hata kimoja. Mshereheshaji, asiyejua la kufanya, akaomba makofi. Watu wakapiga, ndiyo kazi waliyoitiwa.

Bi Ziada akapewa kipaza sauti.

“Mgeni rasmi, shukrani zetu zipo,” alisema. “Tumezifungia kabatini, na nailoni yake. Akipatikana mgeni wa kuzizindua, Ignas atakuletea.”

Akarudisha kipaza sauti, akaomba mtu wa kumshika mkono ampeleke nyumbani. Ignas ndiye aliyesogea. Bi Ziada akamwambia abaki, alinde kabati lake.