Taa ya Kibarazani

Anatolia alikuwa kibarazani akimenya ndizi za jioni, kwenye makao ya watoto anayoyaendesha nje kidogo ya mji wa Muleba, afisa ustawi wa jamii alipoingia na msichana ambaye hakuna aliyekuwa akimtarajia. Alikuwa na umri wa miaka kama tisa. Senene, wale panzi wa kijani wanaoliwa, walikuwa wametua mabegani na kichwani mwake, na wengine walimfuata kutoka barabarani, wakaingia naye getini.

"Anaitwa Joyness," alisema yule afisa, Kyaruzi, akipangusa wawili waliotua kwenye shati lake. "Kwao Ngenge. Tumemtoa kwa mfanyabiashara mmoja Bukoba."

"Na hawa?"

"Wanamfuata. Taa ikiwaka alipo, wanashuka wote."

Anatolia alitikisa kichwa kukubali, akaongeza ndizi kwenye sufuria.

Mfanyabiashara huyo, Rutaihwa, alimwambia shangazi wa Joyness kwamba mtoto angesomeshwa. Badala yake alimsimamisha misimu miwili chini ya taa kali, katikati ya mabati na mapipa ya mtego wa senene, mikono juu, mpaka alfajiri. Akisinzia alimwagiwa maji. Wateja waliwasifu senene wa Rutaihwa kwa unono.

Jioni ile taa ya kibarazani iliwashwa kama kawaida, na senene wakashuka mpaka sakafu ikawa ya kijani. Hakuna Mhaya anayewakuta senene mlangoni mwake akawaacha. Maimuna, mpishi, alileta ndoo. Watoto wakanyonyoa mabawa na miguu, naye akakaanga.

"Waitu, mgeni umetubariki!" alimwambia Joyness, akimjazia sahani. "Wewe usituondokee."

Joyness hakula. Alivua ndala, akaenda chini ya taa, akainua mikono. Hakulia. Alisimama kama mtu aliyeingia kazini.

Watoto waliacha kutafuna. Anatolia aliinuka, akazima taa. Akapapasa gizani mpaka akaipata ile mikono, akaishusha mmoja baada ya mwingine.

"Hapa chakula hakilipiwi kwa kazi, mwanangu," alisema. "Taa hii haitawaka mpaka utake wewe."

"Hata wakija wengi?"

"Hata wakiziba mbingu."

Tangu siku hiyo makao yalikula mapema na kulala bila taa. Usingizini mikono ya Joyness iliinuka yenyewe, na Anatolia, aliyehamishia kitanda chake pembeni, aliishusha na kuifunika blanketi.

Kahigi, jirani mwenye shamba Kagoma, ndiye aliyewaletea mikungu ya ndizi kila Jumamosi. Naye alisikia habari za Joyness.

"Mama Anatolia, mimi simfanyishi kazi. Nitampa kiti. Na soda. Jioni moja tu, akae kwangu."

"Jioni anakuwa na usingizi, Tata Kahigi."

"Jioni zote?"

"Zote."

Jumamosi iliyofuata mikungu haikuja.

"Ugali tena?" watoto waliuliza, kwa sauti ya watu waliofiwa.

"Tena," alijibu Maimuna. "Na kesho mtauliza vilevile, nami nitawajibu vilevile."

Anatolia, ambaye tangu utoto hakuwahi kukosa senene katika msimu wake, alisikia harufu ya kukaanga kutoka kila jiko la jirani, akamaliza ugali wake.

Kyaruzi alirudi na habari. Shangazi amekataa kutoa ushahidi, kesi imeahirishwa. Rutaihwa amewasha taa zake upya, na chini yake amesimama mtoto mwingine, wa kutoka kisiwa cha Bumbire.

"Nitaandaa kitanda," alisema Anatolia.

Siku chache baadaye, jua lilipozama, ulikuja mkupuo wa senene mkubwa kuliko yote ya msimu ule. Wingu la senene lilisimama juu ya paa la makao, likisubiri. Nyota hazikuonekana. Majirani walijaa kwenye uzio na ndoo na magunia, Kahigi akiwa mbele.

"Mama, washa dakika moja tu!" aliita. "Kesho nakuletea mikungu ya mwezi mzima!"

Anatolia alivuta kigoda, akakaa mlangoni, mgongo wake ukiwa umeziba swichi. Aliwaitikia wote salamu zao kwa heshima, kila mmoja kwa jina. Hakuinuka.

Ndani, Joyness alikuwa amelala, mikono yote miwili chini ya shavu.