Funda la Kwanza

Kila jioni Révérien aliporudi kutoka karakana ya kitongoji cha Hjulsta, huko ughaibuni, mkewe Ghislaine alifungua chupa ya bia mbele yake, akapiga funda moja, kisha akampa. Kwao Burundi anayekupa pombe huionja kwanza, ujue haina sumu. Ghislaine, mzaliwa wa Uvira, aliikuta desturi hiyo kwa mumewe akaishika.

Tangu wahamie kitongoji cha Rissne mwaka 2004, funda hilo lilibeba chupa nzima. Révérien alikunywa, Ghislaine akalewa. Aliyepepesuka jikoni ni yeye, aliyetapika alfajiri ni yeye. Mawifi walilizoea jambo hilo, wakawa wanamletea uji.

Révérien alimpiga. Safari moja alimbamiza uso kwenye jokofu, jino likabaki limenasa kwenye mpira wa mlango. Mawifi, wepesi wa kusamehe mapigo yasiyowapata wao, walisema ni pombe tu.

Ghislaine alijua atakavyokufa. Akaomba bima ya maisha, ili siku hiyo ikifika binti yao Diane, mwenye miaka tisa, akalelewe kwa mama mdogo wake huko Fisksätra bila kuwa mzigo. Révérien naye akaomba. Daktari wa kampuni, mama mpole, aliwapima wote wawili. Ini la Révérien lilikuwa safi kama la mtoto. La Ghislaine lilikuwa la mlevi wa siku nyingi.

"Anakunywa yeye, docteur, inaingia kwangu."

"Hutokea," alisema daktari. "Sisi tunahesabu inapoishia."

Révérien akakubaliwa. Ghislaine akakataliwa, kwani pombe ingemuua mapema.

"Na ngumi je?"

"Ngumi hatuziulizi. Acha kuonja, urudi mwakani."

Jioni hiyo alimpa mumewe chupa bila kuionja.

"Umenitilia nini?" aliuliza Révérien.

Alimvunja taya kwa mguu wa kiti, akamkanyaga mbavu. Hakuwa amekunywa hata tone. Pale sakafuni Ghislaine alikumbuka kwamba hajawahi kumwona amelewa, na hilo lilimuuma kuliko taya.

Révérien akamgeukia binti yake. "Basi onja wewe."

"Nej, pappa," alikataa Diane, lakini chupa alikuwa ameshaishika.

Ghislaine akajiinua, akamnyang'anya. Akapiga funda, bia ikashuka pamoja na damu. Révérien akaipokea chupa, akaifuta mdomo, akanywa.