Ubao Usiopigwa Msasa

...kwa sababu ni yeye aliyeyafuta, hakuna wa kumsingizia, si shetani wala mkuu wa chuo, mkono ulioshika brashi ulikuwa wake na Mola aliuona, majina kumi na moja, safu nzima ya mwisho ya ubao wa heshima, na la saba lilikuwa la mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja, wa kwanza katika ukoo wao kuingia humu kwa mlango wa mbele... "Mzee, unanisikia? Ubao huu tunautoa au tunauacha?" anauliza msanifu wa ukarabati, binti mwenye kofia ngumu na orodha mkononi, ndiye aliyemwita mzee, maana mzee alipaka jengo hili rangi miaka thelathini na anajua ukuta upi hutoa jasho mvua ikinyesha, "nakusikia, mwanangu," lakini anachosikia ni popo darini, ni matone yanayodondoka pale kioo cha rangi kilipovunjika, ni viatu vya mdogo wake kwenye ngazi za mawe zilizolika katikati kama kipande cha sabuni, ko, ko, ko, viatu vya kuazima, mwaka ule kabla ya ile barua ya kutaka mwalimu wao arudishwe kazini, wanafunzi bora kumi na mmoja wakatia sahihi, kumi na mmoja wakafukuzwa, na yeye fundi rangi akaitwa ofisini, akapewa kopo la rangi ya kahawia, "kesho asubuhi nisione hata herufi moja," akajibu ndiyo mkuu, ndiyo mkuu, kasuku ana nafuu... "Huo toa tu," anadakia mnyapara, "umeliwa na mchwa, tutachemshia chai, halafu tazama rangi inavyobanduka, aliyeipaka sijui alisomea wapi ufundi, hata msasa hakupiga!" vibarua wanacheka, na wacheke, kweli hakupiga, kila fundi anajua ubao wenye vanishi usipoukwaruza kwanza rangi haishiki, huo ndio ushujaa aliomsimulia mkewe mpaka mkewe akaenda kaburini akiuamini, kwamba aliacha makusudi, ili siku moja majina yajitokeze... uongo, uongo mtamu, Mola nisamehe, alitaka ashuke kabla mdogo wake hajapita na sanduku lake kichwani, haraka ya mwoga tu, na bado akapita, akainua macho, akamwona juu ya ngazi, akasema, "Shikamoo, kaka," basi, na tangu hapo mdogo wake anashona sare za watoto wa wenzake, kila kaka akimtembelea humpa kiti chenye mto, hajamuuliza hata siku moja, na huko kutoulizwa ndiko kunakomchoma, sasa mtoto wa jicho ameshafunga jicho moja na la pili linafuata, uzi anatungiwa na mjukuu, atasoma lini jina lake, atasoma kwa macho gani... "Babu umelala wima?" mnyapara huyo, vibarua wanacheka tena, na pale ubaoni juu ya mlango, chini ya mavumbi, gamba la rangi limejikunja kama jani kavu na mkia wa herufi ya dhahabu unachungulia, mmoja tu, safi, haujapauka, loo, kumbe Mungu huokota hata woga wa mtu akaufanyia kazi, lakini hiyo ni kazi yake Mola, si sifa yako, mzee, wewe bado hujafanya kitu, ndiyo mkuu ya siku ile bado imekukwama kooni, iteme, unaogopa nani, mkuu alishazikwa, na huyu mnyapara sauti yake tu kubwa, ngoma tupu, "Hautoki," anasema, na sauti inapiga ukumbi mzima mpaka popo wanahama, "hautoki!" "Kwa amri ya nani, babu?" "Yangu, mimi fundi nisiyejua msasa, mimi niliyeyafuta, chini yake kuna watu kumi na mmoja na mmoja wao ni mdogo wangu, anayetaka chai akachome kofia yake," hakuna anayecheka, binti bado ameinua kalamu, haijagusa karatasi, matone bado yanadondoka, na yeye ameshatoa mfukoni kisu chake cha kukwangulia, chembamba, butu kidogo, kinafaa, magoti yanauma lakini magoti hayakuulizwa, siku ile alipanda peke yake na leo hataki peke yake, anataka shahidi, "Mwanangu," anamwambia msanifu, "weka hiyo orodha chini, unishikie ngazi."