Shuka Ndani ya Usukani

Mama Waya alichomoa kwanza waya wa betri, kisha akaketi juu ya tairi kuukuu kusubiri. Eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kumkinga dereva gari likigonga, haipimwi kwa pupa. Umeme hubaki ndani yake kama kinyongo, na fundi mwenye haraka huweza kufumukiwa nayo usoni. Yeye kusubiri alikuzoea. Tangu mumewe afie barabarani, karakana ile ya umeme wa magari aliifungua peke yake na kuifunga peke yake, na redio aliiwasha ili tu apate mtu wa kubishana naye.

Gari lilikuwa la kijana mmoja mpole anayebeba abiria, aliyelinunua kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Taa nyekundu ya eabegi ilikuwa haikauki kwenye dashibodi, ikizimwa, inarudi. Mashine ya kusomea kompyuta ya gari ilionyesha kwamba waya umekatika upande wa dereva. Mama Waya alipima soketi chini ya kiti, nzima. Akapima utepe wa waya unaojikunja nyuma ya usukani, mzima. Ukabaki usukani wenyewe. Akainama mlangoni, akafungua kifuniko cha katikati.

Hapakuwa na eabegi. Palikuwa na shuka la maua, limekunjwa na kushindiliwa vizuri, na kando yake rizista ndogo, ile ya kuidanganya kompyuta kwamba kila kitu kipo mahali pake. Mguu mmoja wa rizista ulikuwa umeng'olewa.

"Nimeung'oa mimi," alisema mwanamume aliyeketi kwenye kiti cha dereva. "Habari za kazi, dada."

Alikuwa mtu wa makamo, amefunga vifungo vyote vya shati, na kifua chake kilikuwa kimebonyea kama ndoo iliyokanyagwa.

"Njema. Sogeza goti, kaka, unanizibia mwanga."

Alisogeza. Akaeleza, bila kulaumu mtu, kwamba gari lilikuwa lake, na kwamba eabegi ilifumuka siku ile ya ajali ikafanya kazi yake, ila lori lilikuwa kubwa mno. Baadaye bodi ikanyooshwa, rangi ikapakwa, shuka likaingia.

"Kijana nimemwambia," alisema. "Anasema ataendesha polepole. Nikaona labda taa ataisikia."

"Mko wengi?"

"Nenda yadi ukaone."

Kesho yake Mama Waya alikwenda. Magari yalikuwa yamepangwa juani, yanang'aa, na mengi yalikuwa na dereva wake wa kwanza ndani, kioo kimeteremshwa kidogo. Mwenye yadi, mtu mcheshi mwenye shingo nene, alimletea kiti na maji ya kunywa.

"Hao hawana shida," alisema. "Hawanywi mafuta, hawachafui viti. Mteja akiwazoea, basi."

"Na mashuka?"

"Mama Waya, watu wanataka taa izimike. Tangu nianze biashara hii, hakuna aliyeniuliza ndani kuna nini."

"Mimi ndio nauliza."

"Wewe hununui," alisema yule mtu kwa upole, akaenda kumpokea mteja.

Mama Waya alipita gari moja baada ya jingine, akiinama kila dirisha. Mumewe alikuwa na tabia ya kuegemeza kiwiko nje hata mvua ikinyesha, kwa hiyo alitafuta kiwiko kwanza, kisha uso. Waliomo walimwitikia salamu. Mwishoni mwa safu, bibi mmoja aliyekuwa ameshika usukani kwa mikono miwili alimwuliza anamtafuta nani.

"Mume wangu, bibi. Gari lake lilikuwa dogo, la bluu."

"Liliuzwa hapa?"

"Liliuzwa spea. Milango kwa mmoja, injini kwa mwingine."

Bibi alifikiri. "Basi hana pa kukaa, mwanangu. Waliouzwa vipande hawarudi, hata wangetaka vipi."

Mama Waya alimshukuru. Akasimama pale kidogo, mkono juu ya bati la moto, mpaka bibi akamwambia atoke juani.

Kijana alipokuja kuchukua gari, Mama Waya alimwonyesha shuka. Alilipapasa, akalirudisha.

"Eabegi mpya siiwezi, mama. Na abiria wakiiona ile taa wanashuka. Funika kombe mwanaharamu apite. Unganisha tu."

"Siunganishi, mwanangu. Ukigonga, kifua kitakutana na shuka."

"Naendesha polepole."

"Na huyu alikuwa anaendesha polepole."

Kijana alimwinamishia kichwa mwanamume aliyekuwa kitini. "Huyu namjua. Tunazunguka naye kila siku. Mzee wa watu, hana neno." Kisha akaaga kwa adabu, akalisukuma gari hadi kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Fundi yule hakupima kitu. Alifungua dashibodi, akang'oa taa yenyewe, akaitupa kwenye kopo alimokuwa ametupa nyingine kama hizo. Sasa marehemu angeweza kung'oa waya wowote autakao. Hakuna ambaye angejua.

Jua lilikuwa bado juu gari lilipotoka. Mama Waya alikuwa mlangoni akinawa grisi. Marehemu alikuwa amehamia kiti cha pembeni, amefunga mkanda. Walipofika njia panda, lori lilijichomeka mbele yao bila ishara na kijana akafunga breki. Papo hapo yule mwanamume alitupa mkono wake mbele ya kifua cha kijana, kama mzazi afanyavyo mtoto anapokaa kiti cha mbele.

Lori likapita. Mkono haukuondoka.

Kijana aliutazama, akatabasamu kama mtu aliyeondolewa mzigo, kisha akakanyaga mafuta, gari likaondoka kwa kasi ambayo Mama Waya hakuwahi kumwona akiendesha nayo.