Mji wa Waliobishania Kirembwe

Usingizi ulimnyakua Gaudensia kwenye kochi, saa kumi alasiri, simu ikiwa bado kifuani inachemka kwa ujumbe. Wiki nzima alikuwa vitani, na vita yenyewe ukimsimulia mtu asiyecheza gemu atakuona huna kazi. Sehemu ya pili ya gemu ya Ngome ya Chumvi ilikuwa imetoka, na wapenzi wa gemu hiyo wamegawanyika pande mbili. Katika sehemu ya kwanza mchezaji alikuwa Zamda, msichana wa mkuki aliyevuka jangwa la chumvi na mdogo wake mgongoni, hadi kwenye lango ambalo mlinzi aitwaye Kirembwe aliwafungia nje. Sasa Zamda amezeeka, ameuweka mkuki chini, anauza chumvi kwa pakacha, na ukifika katikati gemu inakunyang'anya Zamda na kukutaka umwongoze Kirembwe mwenyewe. Gaudensia alilipokea hilo kama tusi lililotamkwa mlangoni kwao. Yeye ndiye aliyeanzisha kundi la WhatsApp la wapenzi wa gemu hiyo pale Songea, na mchana huo, Ditram alipoandika kwamba Kirembwe naye asikilizwe, alimtoa kundini. Ditram, aliyekua naye nyumba jirani, aliyejifunza naye gemu kibandani kwa pedi moja ya kuchezea! Wenzake wakamshangilia. Moyo wake haukushangilia. Ulimuuma, akajilaza ili usimuume zaidi.

Akajikuta katika mji mweupe, kuta zake chumvi tupu, mitaa yake anaijua yote maana aliikimbia mara nyingi akiwa na mkuki. Kilichomshangaza ni kelele. Kila mtu alikuwa anasema na hakuna aliyekuwa anasikiliza. Katikati ya zogo hilo akatokea mwanamke mfupi, kanga kaifunga ovyo, anachungulia kila dirisha analopita wala haoni haya. Akasema jina lake ni Udadisi, na kwamba wenyeji walikwisha kumzoea kiasi cha kutomkaribisha popote. Akamwomba Gaudensia amsindikize, kwa sababu, alisema, kutembea na mtu mwenye hasira kunafunza mengi, mradi usimshike mkono.

Wakapita sokoni, ambako kijana mtanashati aliyeitwa Kejeli alikuwa anauza hadithi kwa vipande vidogo kama kashata. Watu walinunua kimoja, wakakimega, kisha wakaondoka wakitangaza kwamba wamekula sinia zima na lilikuwa bovu. Gaudensia alicheka sana, akawaona wajinga kweli, mpaka Udadisi alipochungulia kapu alilolibeba Gaudensia mwenyewe na kumwuliza kwa upole mle ndani mna nini. Mlikuwa na kashata hizohizo, zimejaa hadi juu. Akalifunika kwa kiwiko na kuongeza mwendo.

Mbele kidogo palikuwa na nyumba ya mzee Mazoea, ambayo madirisha yake yote yalitazama nyuma. Mzee aliwapokea vizuri, akawapa uji wa moto, akamwita Gaudensia mwanangu, akamwonyesha Zamda kupitia kila dirisha: huku anaruka shimo, kule anambeba mdogo wake, daima ana miaka kumi na minane. Gaudensia alitamani kubaki pale maisha. Alikuwa na furaha aliyodhani haipo tena. Lakini Udadisi akamwuliza mzee kama Zamda mwenyewe alikubali kukaa humo, na Mazoea, bila ubaya wowote, akajibu kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza.

Walimkuta nje, ameketi kando ya pakacha zake, mvi zimemwingia. Gaudensia akasita. Zamani walikuwa rika moja, wakisalimiana kwa "mambo". Sasa ulimi ulimwelekeza kwingine.

"Shikamoo, dada Zamda."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunirudishia mkuki?"

"Nimekuja kukuomba uushike tena. Tulikuwa tunakwenda vizuri, mimi na wewe."

Zamda akatabasamu. "Mikono ilikuwa yako," alisema. "Miguu iliyochubuka ilikuwa yangu."

Hapo hapo likaja jitu liitwalo Hakika na umati wake, likamnyanyua Gaudensia mabegani na kumpeleka mbio langoni, kule alikoketi hakimu, Bi Insafu, ili akamshitaki Kirembwe kwa niaba ya wote. Juu mabegani ni pazuri, asikudanganye mtu. Gaudensia alinyoosha kidole, akasema ya kusema, umati ukapiga makofi. Bi Insafu akangoja amalize, kisha akauliza swali moja tu: usiku ule Kirembwe alipofunga lango, nyuma ya lango hilo kulikuwa na nini?

Gaudensia hakujua. Hakuwahi kufika. Gemu ilipompa Kirembwe alisukuma pedi pembeni, akatoka kwa Ditram walikokuwa wakicheza kwa zamu, na yote aliyoyasema tangu siku hiyo aliyapata kwa Kejeli. Umati ukamtazama, kisha mmoja mmoja wakaanza kutazamana wenyewe kwa wenyewe, na Hakika, lililokuwa kubwa kuliko nyumba, likanywea hadi miguu ya Gaudensia ikagusa chini. Aliona aibu ya kutamani ardhi immeze. Kupitia ufa wa ukuta akawaona waliotolewa mjini, wamekaa nje juani, na miongoni mwao Ditram, peke yake juu ya jiwe. Akampazia sauti kwamba asimngoje, aendelee na safari yake. Ditram akatikisa kichwa, akabaki palepale.

Pembeni ya komeo la lango alisimama Kirembwe, mtu wa kawaida tu, amechoka, macho mekundu.

"Kwenu," alimwuliza Gaudensia, "pedi ikiwa moja, mnapokezana vipi?"

"Ukifa, unampa mwenzako. Kama hujafa, hakuna anayeigusa."

"Mimi nilikuua?"

"Hapana."

"Basi uliondoka tu, ukamwacha mwenzako na pedi asiyoweza kuigusa."

Udadisi akamsukuma mgongoni kidogo, na Gaudensia akafungua kinywa amwulize Kirembwe kilichokuwa nyuma ya lango, akaamka.

Jua bado lilikuwa dirishani. Kundini ujumbe uliendelea kumsifu, na safari hii alipousoma aliwahurumia walioandika, akajihurumia na yeye. Akampigia Ditram, akidhani hatapokea. Akapokea.

"Ditram, nisamehe. Nimetukana gemu ambayo sijaimaliza."

Ditram akashusha pumzi.

"Hata mimi sijaimaliza."

"Na ulivyomtetea Kirembwe wiki nzima?"

"Ningemaliza vipi, Gau, na zamu ni yako?"

Gaudensia akakaa na simu sikioni, machozi yakimtoka na kicheko kikimbana. Wiki nzima walichinjana kwa sababu ya mtu ambaye hakuna kati yao aliyemjua. Akamwambia anakuja. Hakuahidi kwamba ataipenda, na Ditram hakumtaka aahidi. Akatoka mbio bila kufunga mlango, akitaka kujua.