Chiriku wa Kisegi

Kwa miaka mitano Caren aliendesha mchezo wa kusimulia hadithi akiwa Uriri, kwenye chumba cha nyuma cha duka lake la ushonaji. Kila Jumapili alasiri wachezaji watatu walikutana naye kwa simu ya video. Yeye alisimulia: joka limelala, daraja linakatika. Wao waliamua wahusika wao wafanye nini, na dadu alizorusha mbele ya kamera zikaamua kama wamefaulu.

Werema, fundi wa pikipiki kule Kehancha, alikuwa jitu liitwalo Nyundo. Boaz, muuza samaki wa Sindo, alikuwa mchawi ambaye uchawi wake ulifanya kazi ukipenda. Wa tatu, kutoka Kisegi, alikuwa mwizi aliyeitwa Chiriku. Huyo hakuwahi kuwasha kamera wala kutoa sauti, aliandika tu. Kwa vile mwizi wake alikuwa mfupi na mtundu, wenzake walimwita Dogo.

Mwezi uliopita adui wao mkuu, Malkia wa Majivu, alishindwa, na hadithi ikaisha. Boaz akasema haiwezekani watu waokoane na majoka miaka yote hiyo bila kula pamoja. Akawaalika kwake Sindo.

Caren na Werema ndio waliotangulia. Mwanzoni waliona haya, kisha wakaanza kukumbushana. Lile joka la mgodini, kwa mfano: wote walikuwa wameshika silaha, Chiriku akaliuliza kama mama yake bado yu hai. Joka likalia. Caren hakuwa amepanga lilie.

"Mimi nakumbuka ule mto," Werema alisema polepole.

Baba yake alikuwa amefariki wiki hiyo. Aliingia mchezoni lakini maneno hayakumtoka, Nyundo akaketi tu ukingoni. Boaz alitaka safari iendelee. Chiriku akaandika: *Naketi kando yake. Msirushe dadu.* Wakakaa hivyo hadi jioni.

Mlango ukabishwa. Aliingia mama mwenye mvi, amevaa kitenge, mkoba kwapani.

"Karibu mama," Boaz alisema. "Lakini leo siuzi samaki, niko na wageni."

"Sikuja kununua. Mimi ndiye Chiriku."

Aliitwa Priscilla, mkunga mstaafu. Bintiye Sheila ndiye aliyejiunga kwanza, akapata kazi Doha, akamwomba mama yake amshikie nafasi.

"Alipokuja likizo akaitaka," Priscilla alisema. "Nikamwambia atafute mchezo wake."

Caren alicheka hadi machozi yakamtoka. Boaz alijishika kichwa. "Na vile nimekuwa nikikuita Dogo! Nisamehe, mama."

"Nani amekwambia uache? Nyumbani mimi ni Min Sheila, mama yake Sheila, kwa kila mtu. Dogo ni kwenu tu."

Werema alisimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Siku ile ya mto..."

"Najua, nyathina, mwanangu. Kaa tule."

Walipomaliza kula, Priscilla akauliza mchezo mpya unaanza lini. Caren akakiri kwamba amechoka kusimulia. Amekuwa majoka, malkia, hata mvua, lakini hajawahi kuwa na mhusika wake.

"Basi nitasimulia mimi. Wewe utakuwa nani?"

Caren alifikiri. "Nahodha. Ana mashua yake, lakini hajui kuogelea."

"Haya, nahodha. Kumepambazuka, na mtu usiyemjua anakuita kutoka ng'ambo. Unafanya nini?"

Caren akasogeza kiti karibu na meza. "Nang'oa nanga," alisema.